Waini nyekundu ya Hispania imegoma mdomoni: dalili, chanzo na cha kufanya

Umenunua Rioja, bei imekuuma kidogo, umefungua umemimina umeonja na kuna kitu hakijakaa sawa. Inachoma, au inakausha mdomo, au inanuka, au ilikuwa safi kabisa mpaka chakula kikafika mezani. Kabla hujaimwaga na kabla hujamrudia muuzaji kwa hasira, jua kwamba mara nyingi sana chupa haina kosa. Angalia joto kwanza, afu hewa, afu sahani iliyo mbele yako, kwa mpangilio huo huo, ukimaliza hapo ndo uishuku chupa. Chupa mbovu zipo na nitazieleza, ila ni chache kuliko watu wanavyodhani, na mimi inaniuma kuona mtu ameikatia tamaa waini nzuri kwa sababu tu aliinywa ikiwa na digrii 30.

Mifano mingi itatoka Rioja maana ndo waini ya Hispania inayopatikana kirahisi zaidi. Ni kaskazini mwa nchi, bonde la mto Ebro, zabibu kuu ni Tempranillo na mara nyingi inachanganywa na Garnacha, Graciano na Mazuelo. Ukishuka kusini magharibi kuna Ribera del Duero, Tempranillo hiyo hiyo ila wenyewe wanaiita Tinto Fino, mashamba yako juu sana, mita 700 hadi 900 na zaidi kutoka usawa wa bahari, mchana jua kali usiku baridi, kwa hiyo waini yake inatoka nyeusi na nzito zaidi. Tofauti ya hizo mbili tu inaeleza malalamiko mengi.

Onja kwanza, lawama baadaye

Mimina theluthi ya glasi, usijaze, ukijaza huwezi kuizungusha na usipoizungusha hupati harufu. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uone rangi ya ukingoni. Nusa kabla hujaizungusha, zungusha, nusa tena. Afu chukua funda moja lipite mdomo mzima kabla ya kumeza na usikilize sehemu tatu: mate yakichuruzika pembeni mwa ulimi hiyo ni asidi, fizi na ndani ya mashavu vikikauka vikakaza hiyo ni tanini, koo likipata moto hicho ni kilevi. Ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina dawa yake, ila watu wengi wanaviita vyote "chungu" na hapo ndo wanapotea mapema.

Hakikisha pia tatizo haliko kwako. Ukipiga mswaki muda si mrefu kila waini itakuwa mbaya, dawa ya meno inavuruga ladha. Glasi iliyofunikwa kabatini inabeba harufu ya mbao na vumbi, glasi isiyosuuzwa vizuri ina sabuni. Mimina waini kidogo, zungusha glasi nzima, mwaga, ndo umimine ya kunywa.

Inachoma kooni na puani ni spiriti tu

Hii ndo dalili namba moja kwenye nchi zetu za joto. Ule ushauri kwamba waini nyekundu inyweke kwa joto la chumbani unaongelea vyumba vya Ulaya vya zamani, kuta za mawe, digrii 16 hadi 18, hauongelei sebule ya Dar mwezi wa pili. Kilevi kinapaa haraka kwenye joto, kwa hiyo waini ikiwa digrii 28 kinachokufikia puani ni kilevi chenyewe na matunda yote yamefunikwa, unaonja Rioja ya asilimia 13.5 unadhani ni konyagi.

Viwango ni hivi. Waini changa, zile ambazo chupa haijaandikwa Crianza wala Reserva (maneno ya muda wa kukomaa, nitayaeleza karibu na mwisho), digrii 12 hadi 14. Crianza 14 hadi 16. Reserva na Gran Reserva 16 hadi 18. Zile kali za Priorat, Toro na Jumilla, maeneo mengine ya waini Hispania, ambazo kilevi asilimia 14.5 au 15 ni kawaida, usizipitishe 17.

Sasa, utasoma kila mahali "weka friji nusu saa". Kwetu haitoshi. Huo ushauri ni wa mtu ambaye nyumba yake ina digrii 21, anataka kushuka digrii tatu nne tu. Wewe chupa yako imeanzia 29 au 30, friji ya kawaida itahitaji zaidi ya saa moja kuifikisha 17. Kama wageni wako mlangoni chukua ndoo, weka barafu na maji nusu kwa nusu, izamishe mpaka shingoni, dakika 10 hadi 15 umemaliza. Maji ni muhimu kabisa, barafu tupu inagusa chupa sehemu chache tu na hewa katikati haipozi kitu. Huna kipimajoto? Shika chupa: iwe baridi ambayo mkono unaipenda, sio ile inayofanya vidole vitake kuachia. Afu mimina kidogo kidogo na uirudishe chupa kwenye ndoo, maana kwenye glasi inapanda joto haraka.

Ukiipoza vizuri na bado inachoma soma lebo. Ikiwa asilimia 15 basi ndivyo ilivyo, ile na nyama ya mafuta na safari ijayo tafuta za 13 au 13.5. Ndani ya Rioja yenyewe, Rioja Alavesa na Rioja Alta ziko juu na zinapata ubaridi wa upande wa bahari ya Atlantiki, Rioja Oriental (hii zamani iliitwa Rioja Baja) ni ya joto na ukavu zaidi, Garnacha inaiva sana huko na kilevi kinapanda.

Kuna joto la aina nyingine ambalo friji haliliponyi, joto la njiani na la dukani. Chupa imekaa kwenye kontena lililopigwa na jua, au imesimamishwa dirishani miezi. Toa kile kikofia cha juu uangalie kizibo: kikiwa kimejisukuma kikavimba juu ya mdomo wa chupa, au kuna utomvu mkavu unaonata pembeni, waini ilipanuka ikavuja. Ukionja unapata jamu iliyopikwa, zabibu kavu, hakuna ubichi wowote wa tunda. Hiyo imeiva ndani ya chupa na haina dawa. Dawa ni wakati wa kununua, chukua ya rafu ya chini mbali na taa na dirisha, hata kama ile ya juu ina vumbi zuri la kuonekana ya zamani.

Inakausha mdomo, fizi zinakaza

Tanini. Inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na nyingine kwenye pipa la mwaloni, ni jamaa wa kile kinachokupa ukakasi ukinywa chai ya rangi iliyosahaulika na majani yake. Inashikana na protini za kwenye mate, mate yanapoteza utelezi, mdomo unakwaruza.

Kwanza angalia kama hujaipoza kupita kiasi, maana baridi inakaza tanini. Mtu aliyeogopa joto akaitoa friji ikiwa na digrii 6 atalalamika ukakasi hata kwa waini laini, iache mezani dakika ishirini uonje tena.

Ikiwa joto liko sawa, uliza ni waini gani. Ribera ya miaka miwili mitatu, Toro, Monastrell (aina ya zabibu) ya Jumilla, hizi zimezaliwa na ukakasi na zinahitaji hewa. Na hapa kuna kosa linafanyika kila siku: mtu anafungua chupa anaiacha wazi saa mbili anasema "nimeipa hewa". Hujaipa. Shingo ya chupa ni ndogo mno, sehemu inayogusa hewa ni upana wa sarafu. Imimine yote kwenye jagi safi la glasi, imimine kwa fujo ipige povu kidogo, iache saa moja au mbili, hapo utaona tofauti. Huna jagi, birika la glasi au hata chupa kubwa pana inatosha, isiwe na harufu ya juisi tu.

Dawa ya pili ni chakula, protini na mafuta na chumvi. Onja funda moja, kula kipande cha nyama yenye mafuta au jibini gumu, onja tena waini ile ile. Tanini inapata kitu kingine cha kushika badala ya mate yako na waini inalainika papo hapo. Hispania nzima imejengwa juu ya hilo jambo, nitalirudia kwenye chakula.

Ukiwa hupendi kabisa ukakasi acha kujitesa, tafuta Garnacha ya Campo de Borja au Mencía (zabibu nyingine nyekundu) ya Bierzo, au Reserva ya Rioja ambayo miaka ya pipa na chupa imeshaifanyia kazi tanini.

Haina utamu, ni chachu

Chanzo mara nyingi ni matarajio. Wengi tumeanzia kwenye waini nyekundu tamu, na karibu waini nyekundu zote za Hispania za mezani ni kavu, sukari yote imegeuka kilevi, kilichobaki ni chini ya gramu 4 kwa lita. Haijaharibika. Usiongeze sukari na usiongeze soda kwenye Reserva tafadhali. Anza na waini changa ya Rioja Alavesa, kule wanachachusha vichala vizima bila kuvisaga kwanza, inatoka na matunda mengi, laini, ladha ya stroberi na zambarau mbivu, ulimi unahisi kama kuna utamu wakati hakuna. Ukizoea hiyo panda kwenye Crianza.

Ila kama umewahi kuipenda chupa hiyo hiyo na leo ni chachu, jiulize umekula nini kabla. Kitu chochote chenye sukari, sosi tamu ya nyama, ketchup, andazi, hata soda, kinaifanya waini kavu ionekane kali na tupu. Kula mkate na maji, subiri kidogo, onja upya.

Haina harufu wala ladha, imekaa kimya tu

Sababu ya kawaida ni baridi sana, au glasi nyembamba iliyojaa. Ipashe kwa viganja, zungusha. Kama ni Ribera au Priorat changa inaweza kuwa imejifunga, jagi saa moja. Kama baada ya yote hayo bado haina tunda lolote na kwa mbali unapata harufu ya boksi lililolowa, ruka moja kwa moja kwenye uvundo hapo chini, maana ugonjwa wa kizibo ukiwa mdogo unaiba harufu nzuri kabla yenyewe haujasikika vizuri.

Inanuka

Hapa usikimbilie kumwaga, zipo harufu zinazopona na zisizopona.

Yai viza au kiberiti kilichowashwa sasa hivi: waini ilikosa hewa ikiwa inatengenezwa au ndani ya chupa, imekusanya misombo ya salfa. Hii ni nzuri kuipata kwa maana kwamba inatibika. Jagi, imimine kwa nguvu, irudishe, imimine tena, subiri nusu saa. Ikigoma kuna dawa ya wazee wa kazi hii, kipande cha shaba safi kabisa kinazungushwa ndani ya glasi sekunde chache kisha kinatolewa, shaba inaishika salfa na harufu inakatika.

Uvundo, gazeti lililolowa, stoo iliyofungwa wakati wa masika: huo ni ugonjwa wa kizibo. Kuvu wanapokutana na misombo yenye klorini kwenye gamba la mti wa kizibo kinatengenezwa kitu kinaitwa TCA, na kiasi kidogo mno, nanogramu chache kwa lita, kinatosha kuua chupa nzima. Hewa haisaidii, kinyume chake: mimina glasi uiache dakika ishirini, uvundo ukizidi umepata jibu. Haikudhuru mwilini ila hakuna cha kuokoa. Usijaribu kujishawishi kwamba ndo harufu ya waini ya zamani. Rudisha kizibo, rudisha chupa ikiwa karibu imejaa, duka linalojua kazi yake litabadilisha. Na vipande vya kizibo vinavyoelea kwenye glasi ni jambo lingine kabisa, hiyo ni opena yako imevunja kizibo, chuja kwa chujio la chai uendelee kunywa.

Siki, au dawa ya kufutia rangi ya kucha: bakteria wamegeuza kilevi kuwa asidi ya siki. Ikiwa ni kwa mbali sana, hasa kwenye Gran Reserva za mtindo wa zamani zilizokaa mapipani miaka mingi, inainua harufu na wapo wanaoipenda, mimi nikiwemo. Ikikupiga puani kwanza kabla ya tunda, imekwisha, ipeleke jikoni kulowekea nyama.

Zizi la farasi, plasta ya kidonda, ngozi iliyopata jasho: chachu fulani inaitwa Brettanomyces imeishi kwenye pipa. Ikiwa kidogo ni suala la mapenzi, ikifunika tunda ni kasoro.

Vanila na nazi: hapo hakuna tatizo! Watu wanadhani wameongezewa ladha za dukani. Rioja kwa desturi inatumia mapipa ya lita 225 ya mwaloni wa Marekani na huo mti ndo unatoa vanila na nazi, siku hizi wengi wanachanganya na wa Ufaransa na harufu inaegemea zaidi kwenye viungo, karafuu.

Rangi imefifia, kuna uchafu chini

Ukingo wa rangi ya tofali kwenye Gran Reserva ya miaka kumi na tano ni afya. Rangi ya kahawia kwenye waini changa ya mwaka juzi ni ugonjwa, hewa imeingia, na ukinusa utapata tufaha lililobonyea na njugu. Mashapo meusi chini au vijiwe vinavyong'aa kwenye kizibo havina madhara, ni rangi na tanini vilivyoshikana na chumvi ya asidi ya zabibu. Isimamishe chupa wima siku nzima kabla, imimine taratibu bila kuisimamisha tena katikati, ukiona weusi unafika shingoni acha. Na Gran Reserva ya zamani usiiweke jagini masaa kama Ribera, imechoka, harufu zake zinaondoka haraka, fungua mimina kunywa.

Vipovu vidogo vinavyochonyota ulimi kwenye waini changa ni gesi iliyobaki, zungusha glasi itatoka. Kwenye Crianza au Reserva si kawaida, inaweza kuwa imeanza kuchacha upya chupani.

Ilikuwa nzuri mpaka chakula kikaja

Hapa ndo penye utajiri wote na ndo watu wanapoangalia mwisho.

Anza na wenyewe wanakula nini. Rioja, baada ya mizabibu kukatwa matawi, matawi hayo makavu yanafungwa matita, yanaitwa sarmientos. Yakiwashwa yanalipuka moto mkubwa na ndani ya dakika chache yameshakuwa makaa, makaa mepesi yenye moto mkali usiodumu, na juu yake zinawekwa mbavu ndogo ndogo za kondoo mchanga, chumvi ya mawe tu, hamna sosi hamna viungo. Nyama inashika weusi pembeni, mafuta yanadondoka moshi unarudi juu, zinaliwa kwa mkono zikiwa zinaunguza vidole na Crianza pembeni. Aranda de Duero, kwa watu wa Ribera, mwanakondoo anayenyonya bado anaokwa kwenye sinia la udongo ndani ya tanuri la kuni kwa maji na chumvi na mafuta kidogo, basi. Logroño kuna kimtaa kinaitwa Calle Laurel, watu wanakula wamesimama, uyoga wa kuchoma umepangwa juu ya kipande cha mkate na kamba mdogo juu, glasi mkononi. Ukiangalia vyote hivyo utaona mafuta, chumvi, moshi, na pilipili kali haipo. Ile pimentón yao, unga mwekundu wa pilipili, inatoa rangi na moshi, kwa sehemu kubwa haiwashi.

Kwa hiyo waini hii haijakua na pilipili mbuzi na ndo chanzo cha kwanza cha ugomvi mezani kwetu. Pilipili na kilevi vinachochea moto ule ule, na tanini inakwaruza sehemu ambayo tayari inawaka, utasema waini imekuwa kali ghafla wakati ni ile ile. Rekebisha hivi: pilipili ikae pembeni kwenye kisahani, chagua Garnacha au waini changa yenye kilevi kidogo, ipoze mpaka 12 au 13. Ribera na Toro usizilete kabisa kwenye meza ya pilipili.

Ladha ya chuma, kama umelamba funguo: umekula samaki wa mafuta. Dagaa, vibua, hawa ndo hatari zaidi. Utafiti wa Japani uliotoka 2009 ulionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye waini nyekundu yanagusana na mafuta ya samaki na kuleta ile harufu ya shombo kali mdomoni. Kuchuja huwezi, badilisha kinywaji au badilisha samaki. Samaki asiye na mafuta mengi akipikwa na nyanya na pilipili hoho anakaa vizuri na Crianza nyepesi, Rioja wenyewe wana bacalao a la riojana kwa namna hiyo hiyo. Na pweza pia! Galicia, kaskazini magharibi, pweza wa kuchemsha anakatwa vipande juu ya sahani ya mbao, mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe, pimentón, na wengi wanamshushia waini nyekundu changa. Mtu wa pwani aliyezoea pweza ajaribu na Mencía iliyopoa, bila ule urojo wa pilipili.

Waini imekuwa chungu ukila uyoga, soya sosi au mchuzi uliojaa vidonge vya supu: ule utamu wa nyama unasukuma tanini mbele. Chumvi kidogo na tone la ndimu kwenye chakula, onja tena, mara nyingi inarudi. Ila ndimu ikizidi, kachumbari inayochuruzika kwa mfano, chakula kinakuwa chachu kuliko waini na waini inabaki butu, haina uhai.

Sasa ya nyumbani. Mbuzi choma na Crianza ya Rioja ni ndoa isiyohitaji mshenga, moshi na chumvi ni vile vile vya sarmientos, mbuzi ana mafuta kiasi na Crianza ina tanini kiasi. Kitimoto na Crianza au Mencía, Wahispania ni watu wa nguruwe kuanzia jamón (paja lililokaushwa kwa chumvi) mpaka chorizo (soseji), asidi ya Tempranillo inakata yale mafuta, ila rosti ikiwa na pilipili rudi kwenye kanuni ya juu. Pilau ya ng'ombe inakaa na Reserva, karafuu na mdalasini vya kwenye sufuria vinakutana na karafuu ya kwenye pipa, kachumbari iwe ya kitunguu na nyanya tu. Vitu vya nazi, kuku wa kupaka na jamii yake, tui lina utamu wake kwa hiyo tanini nyingi itaonekana mbaya, leta Garnacha changa. Maharage na nyama, viazi na soseji, hivi vyepesi visidharauliwe, patatas a la riojana ni viazi na chorizo tu na ndo chakula cha Crianza cha kila siku kule.

Jibini, ukipata manchego iliyokomaa au lolote gumu la kondoo, kula na Reserva. Jibini laini linaganda mdomoni na kuifunika waini.

Nimelipia Gran Reserva na sioni cha ajabu

Maneno hayo yanaeleza muda, hayaahidi kwamba utaipenda. Rioja, Crianza ni angalau miaka 2, mmoja kwenye pipa. Reserva miaka 3, angalau mmoja kwenye pipa na miezi 6 kwenye chupa. Gran Reserva miaka 5, angalau 2 pipani na 2 chupani. Muda huo unabadilisha tunda bichi kuwa tumbaku, ngozi, majani makavu, tini, kwa hiyo mtu anayetaka tunda lijae mdomo atasikitika na pesa yake imeenda. Angalia karatasi ndogo ya muhuri nyuma ya chupa: kijani ni ile ya jumla, nyekundu ni Crianza, rangi ya damu ya mzee ni Reserva, bluu ni Gran Reserva. Maoni yangu, kwa hela ile ile Crianza nzuri ya mtengenezaji makini inampiga bao Gran Reserva ya bei ya chini karibu kila wakati, na kwa nyama choma sioni hata sababu ya kufikiria mara mbili.

Imebaki nusu chupa, kesho imeharibika

Iliachwa mezani kwenye joto. Rudisha kizibo, weka friji ikiwa wima, waini changa na Crianza zinafika siku tatu hadi tano zikiwa na hali nzuri, Ribera changa siku ya pili inaweza kuwa bora kuliko ya kwanza, Gran Reserva imalize usiku huo huo. Toa friji dakika ishirini au thelathini kabla ya kunywa. Ikianza kupoteza tunda lakini haijawa siki, fanya wanavyofanya wenyewe wakati wa joto: tinto de verano, nusu waini nusu soda nyeupe isiyo na sukari nyingi, barafu tele, kipande cha limau, au kalimocho ya Wabaski, nusu waini nusu kola. Hizo ni za waini ya bei ndogo au iliyochoka. Nyingine imimine kwenye sufuria ya mkia wa ng'ombe na vitunguu, karoti na kitunguu saumu, moto mdogo masaa matatu, na uwe na chupa nyingine kwenye ndoo wakati unapakua.